Magari Kupashana Habari Njiani

(Hotuba ya Kamati ya Usafirishaji, iliyosomwa mbele ya Wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za kahawa, za bei na za maghala, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi wa Kamati ya Usafirishaji tumetakiwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelisikia likinong'onwa: ati malori ya Chama yatatiwa vyombo vya kusemezana yenyewe kwa yenyewe. Mzee wetu mmoja alituuliza mlangoni kama malori hayo yatasema Kiswahili. Tulicheka pamoja naye, lakini swali lake lilikuwa jema kuliko alivyodhani, kwa maana shida yote ya jambo hili ni hiyo: yaseme nini, yaseme wakati gani, na yamwambie nani.

Nanyi mwajua kwamba magari yamekuwa yakipashana habari siku zote. Lori likiharibika katika mteremko wa Kitonga, utingo hushuka, hukata matawi ya miti, akayatandaza barabarani nyuma ya gari, na mengine akayapeleka mbali zaidi, kabla ya kona, ili ajaye ayaone angali na nafasi ya kushika breki. Tawi halisemi lori ni la nani, wala limebeba nini, wala limeharibika kitu gani. Lasema neno moja tu: punguza mwendo, mbele kuna jambo. Twaomba mlishike tawi hilo akilini, kwani mafundi wa Ulaya, Marekani na Ujapani wametumia zaidi ya miaka ishirini, na fedha nyingi, wakitafuta namna ya kuifanya kazi yake kwa mitambo. Na mengi yaliyowasumbua ndiyo yale yale yanayomsumbua utingo.

Msimu wa mvua uliopita lori letu moja lilikuwa likishuka na shehena kwenda Dar es Salaam. Dereva akaona matawi. Akapunguza mwendo, akapita kona ya kwanza, hakuona kitu. Akapita ya pili, hakuona kitu. Matawi yale yalikuwa ya jana. Gari lililoharibika lilikwisha ondoka, na hapana aliyeyaokota. Mbele kidogo akaona matawi mengine, na safari hii hakupunguza kama ilivyompasa, kwa kuwa moyoni alikwisha amua kwamba matawi ya siku ile ni ya uongo. Nyuma ya kona palikuwa na tela limesimama kweli kweli. Dereva alipona. Utingo wetu alivunjika mguu. Naye yupo hapa leo, safu ya pili, na ametupa ruhusa kuitaja habari yake. Magunia mengi yalitumbukia gengeni, nayo yalikuwa jasho la wakulima waliomo humu ndani.

Kamati ilikaa siku mbili juu ya ajali ile. Ndipo tulipoanza kuuliza habari za vyombo hivi.

Gari la siku hizi si chuma na mpira tu. Magurudumu yake yana vihisi vinavyojua kama yanazunguka sawasawa au yanateleza. Lina kipimo cha joto la hewa ya nje, na kompyuta yake yajua breki imekanyagwa kwa nguvu gani na taa za hatari zimewashwa saa ngapi. Magari ya gharama kubwa huongezewa kamera, rada, na chombo kiitwacho laida, ambacho hutupa miale ya mwanga pande zote na kupima umbali wa kila kitu kinachokizunguka. Walakini kihisi ni kama jicho: hakioni nyuma ya kona wala nyuma ya basi lililotangulia. Aonaye nyuma ya kona ni yule aliyekwisha pita huko. Basi faida yote ya magari kupashana habari yatoka hapo, kwamba alilokwisha kuona mmoja limfae mwingine asiyeweza kuliona.

Katika nchi za Sweden na Norway barabara huganda barafu wakati wa baridi. Mwaka 2016 kampuni ya Volvo Cars ilianza huko mpango ambao gari likihisi magurudumu yanateleza hupeleka habari kwa njia ya mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta kuu, nayo huwaonya madereva wenye magari ya namna hiyo wanaokaribia mahali pale. Kadhalika dereva akiwasha taa za hatari, walio karibu hupata habari. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilipatana na Volvo Trucks, watengenezaji wa malori, kupeana habari za taa za hatari katika nchi hizo mbili. Msidhani kwamba ni nyumba moja kwa sababu jina ni moja. Ni kampuni mbili zenye wenyewe mbalimbali. Zilipatana kwa kuwa barafu haiulizi gari ni la nani. Huko Marekani, Wyoming ni jimbo mojawapo lililochaguliwa mwaka 2015 kujaribu mambo haya, katika barabara kuu ya 80, yapata kilomita 647, ambako theluji na upepo huyaangusha malori. Wenzetu hao nao ni watu wa mizigo.

Sasa twaja kwenye kiini cha hotuba yetu. Mtu asikiapo habari hizi huwaza mara moja: kama ni vyema kupashana, basi kila gari na lipeleke kila linaloliona. Hata sisi tuliwaza hivyo. Lakini hesabu haikubali.

Wenye mitambo hupima habari kwa biti, kama sisi tupimavyo kahawa kwa kilo. Laida kubwa hupima nukta zaidi ya milioni moja kila sekunde. Tukizihesabu nukta milioni moja, kila moja kwa baiti 12, nayo kila baiti ni biti nane, twapata karibu megabiti 100 kwa sekunde, kutoka gari moja. Njia ya redio iliyotengenezwa kwa ajili ya magari kusemezana moja kwa moja, bila kupitia mnara wa simu, kwa kawaida hubeba megabiti 6 kwa sekunde. Na megabiti hizo si za gari moja, ni za magari yote yanayosikizana mahali hapo. Ni sawa na kutaka kupitisha mavuno ya wilaya nzima katika mlango wa duka. Na hata ujumbe mfupi una mipaka yake. Gari likisema mara 10 kwa sekunde kwa ujumbe wa baiti 300, hutumia kilobiti 24. Basi magari 250 yakikusanyika katika msongamano, njia imejaa, na hapana asikiaye neno. Mmehudhuria mikutano, mwajua ikoje watu wote wasemapo pamoja.

Kwa ajili hiyo taasisi ya viwango ya Ulaya iitwayo ETSI iliweka kanuni ambayo sisi twaipenda sana. Gari lisiseme kwa kuwa saa imefika tu. Liseme likiwa na jambo jipya. Likiwa limesogea zaidi ya mita 4 tangu liliposema mara ya mwisho, au limegeuka zaidi ya digrii 4, au mwendo wake umebadilika kupita nusu mita kwa sekunde, hapo na liseme. Lisizidishe mara 10 kwa sekunde. Na hata likiwa limesimama tuli, liseme mara moja kwa sekunde ili wenzake wajue lipo. Tena njia ya redio ikianza kujaa, kila gari hupunguza maneno yake bila kungoja kuamriwa. Laiti baadhi ya Wajumbe wetu wangekuwa na chombo hicho! (Tunajitaja sisi wenyewe kwanza.)

Kanuni hiyo yahusu gari linalojisemea habari zake. Upo ushirikiano mkubwa zaidi, ambao viwango vyake vya Ulaya vilitolewa mwaka 2023: gari kusema habari za wengine lililowaona. Liseme, ‘Nimeona mtu kwa miguu mahali fulani, ng'ombe mahali fulani, baiskeli isiyo na taa.’ Hapa tusimame kidogo, kwani jambo hili latugusa. Mwenda kwa miguu hana redio mwilini, wala ng'ombe, wala mkokoteni, wala lile gari kuukuu la jirani yetu. Kama kila mmoja husema habari zake tu, basi wasio na chombo ni kama hawapo. Bali gari moja lenye macho mema likiwasemea wanyonge hao, wote wasikiao hufaidika. Mafundi hawapeleki picha yenyewe, ila maneno machache: ni kitu gani, kipo wapi, chaenda upande gani kwa kasi gani, na gari lina hakika kiasi gani juu yake. Picha nzima yageuka kuwa mistari michache, kama karani wa mizani asivyopeleka gunia lenyewe Makao Makuu bali stakabadhi.

Ila stakabadhi nazo huweza kupotosha. Magari matatu yakimwona ng'ombe mmoja, kila moja likatoa habari yake, kompyuta isiyo makini itahesabu ng'ombe watatu. Yapasa ijue kuzilinganisha habari na kuziunganisha. Na bora kuliko hayo, gari la pili na la tatu yakisikia kwamba ng'ombe yule amekwisha tajwa, yanyamaze. Mwaka 2022 watafiti walionyesha njia nyingine yenye busara: kila gari hujichorea ramani ya mahali linapoona vyema na mahali lisipo na hakika, kisha huwaomba wenzake habari za mahali pale pa giza tu, nao hujibu kwa yale wanayoyaona vyema. Mzigo wa habari ulipungua mno, na uonaji haukupungua. Njia hiyo imejaribiwa zaidi katika kompyuta kuliko barabarani, nasi hatusemi kwamba italetwa Kitonga kesho. Lakini wazo lenyewe ni safi: kumpa mwenzio analolikosa, si kumjazia alilo nalo.

Jambo la wakati ni zito kuliko yote, nasi tuliofiwa na magunia twalijua. Lori lendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Habari ikichelewa nusu sekunde, gari linalosemwa limekwisha kuwa mita 11 mbali na pale liliposemwa lipo. Kwa sababu hii kila ujumbe hubeba saa yake, na mpokeaji huitazama saa hiyo kabla ya kuamini. Habari ya ng'ombe hufa baada ya sekunde chache. Habari ya barabara inayoteleza yaweza kuishi saa nzima. Habari ya daraja lililochukuliwa na maji yaishi hata litengenezwe. Tawi la Kitonga halikuwa na saa. Lilikuwa bado lasema kweli ya jana, na ndilo lililomfundisha dereva wetu asisadiki kweli ya leo.

Kisha kuna uaminifu. Mtu mwovu akiwa na redio aweza kutangaza ajali isiyokuwapo, ili magari yasimame ayaibie. Kwa hiyo kila ujumbe hutiwa sahihi ya siri ya kompyuta, inayothibitisha kwamba umetoka katika chombo kilichosajiliwa. Lakini sahihi hiyo haimtaji mwenye gari, tena hubadilishwa mara kwa mara, ili mtu asiweze kulifuata gari moja siku nzima na kujua limelala wapi. Kuaminika bila kujulikana jina: kazi hii iliwachukua mafundi miaka mingi, nasi twaona hawakuipoteza bure.

Pamoja na ufundi huo wote, jambo hili limekwenda polepole kuliko ilivyotazamiwa, nasi twapenda Wanachama mjue sababu mojawapo. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilitenga mawimbi ya redio ya upana wa megahezi 75 kwa ajili ya usafiri tu. Lilikuwa kama shamba kubwa lililopimwa na kuwekewa mipaka. Miaka ikapita, majaribio yalifanywa, lakini shamba halikulimwa. Baadaye wakazuka wenye njia ya pili, iliyotokana na simu za mkononi, na makundi mawili yakashindana njia ipi ifuatwe, kwa kuwa chombo cha njia moja hakisikii cha njia nyingine. Mwaka 2020 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikakata shauri: megahezi 45 ikawapa wenye mitandao ya Wi-Fi, zikabaki 30 kwa magari, nazo zitumike kwa ile njia ya pili. Ulaya nako ubishi ulikuwa huo huo. Mwaka 2019 nchi wanachama zilikataa kanuni ambayo ingeipa nguvu njia ya kwanza, ijapokuwa Volkswagen ilikwisha amua kuitia njia hiyo katika gari lake la Golf la toleo la nane.

Sasa tuseme habari zetu. Mwuzaji mmoja, ambaye hatutamtaja, alikuja ofisini na kasha zuri la kutiwa katika malori. Kasha hilo lapeleka kila kitu kila sekunde: mahali, mwendo, mafuta, hata picha ya uso wa dereva, na vyote vyaenda katika ghala la kompyuta la mwuzaji, nasi tuwe tunalipa ada kila mwezi ili kuziona habari za malori yetu wenyewe. Baadhi ya maofisa walipendezwa, kwa kuwa wangeweza kumwona dereva akisimama kunywa chai. Madereva walikasirika, na sisi hatuwalaumu. Tulimwuliza mwuzaji swali moja: Lori letu la mbele likikuta tela limesimama nyuma ya kona, lile la nyuma litapata habari baada ya muda gani? Alisema habari hiyo itaonekana katika taarifa ya mwisho wa siku. Mgeni wetu hakuwa mtu mbaya, lakini kasha lake lilitengenezwa kumtazama dereva, si kumwonya.

Kamati yapendekeza njia nyingine. Tuanze na malori mawili tu, kwa msimu mmoja. Kasha lipeleke habari nne, wala lisizidishe: kwamba taa za hatari zimewashwa mahali pasipo pa kuegesha, kwamba breki imekanyagwa kwa ghafla, kwamba magurudumu yanateleza, na ya nne, dereva abonyeze kitufe mwenyewe akikuta njia haipitiki. Kila habari iwe na saa yake na mwisho wake. Isibebe jina la dereva. Ghala la habari liwe mali ya Chama, kama maghala ya kahawa yalivyo.

Mtauliza kama yafaa malori yetu yasemezane kwa redio moja kwa moja, bila mtandao wa simu, maana ziko sehemu za njia zetu ambako simu haishiki. Kwa sasa tumeona haifai sana. Tuseme gari moja kati ya kumi lina redio hiyo, nasi twajua barabarani kwetu hazifiki hapo. Magari mawili yakikutana, nafasi ya yote mawili kuwa nayo ni mara moja katika kukutana mia. Kwa njia ya mtandao wa simu, lori moja lililoona laweza kuwaonya wote walio na simu mfukoni, hata wasio na kasha. Mahali simu isiposhika, habari ingoje katika kasha mpaka mnara upatikane. Na ikiwa imekwisha kufa kwa saa yake, isipelekwe.

Neno moja limetugawa hata ndani ya Kamati. Je, habari hizi tuwape wenye mabasi na wachukuzi wengine bure, hali tumezigharimia sisi? Wenzetu wawili walisema hapana, mkulima hagawi kahawa yake barabarani. Sisi wengine tulijibu kwamba kahawa ukimgawia mwenzio yakupungukia, bali habari ya tela lililosimama haimpungukii aliyeitoa. Tena basi likiligonga tela hilo njia itafungwa, na malori yetu ndiyo yatakayolala njiani. Hatukuafikiana. Tumeacha shauri hilo kwa Mkutano Mkuu, na nakala za hoja za pande zote mbili zipo kwa Katibu, kila mwenye kutaka aichukue yake.

Kuna kanuni moja ambayo haikungoja Mkutano, kwa kuwa haina gharama. Imekwisha bandikwa katika karakana. Utingo yeyote wa Chama atakayetandaza matawi barabarani hataruhusu lori kuondoka kabla hajayaokota yote, na yale ya mbali kwanza kukumbukwa. Mwenzetu wa safu ya pili ndiye aliyeiomba iandikwe.